Chakula na kansa ya matiti: Je, sufuria yako ina lawama?

"Je, ni chakula nilichokuwa nikipika?"

Swali hilo limeulizwa na msomaji wetu mmoja, mama anayeishi katika mtaa mmoja wa Nairobi, katika barua iliyotufikia hivi majuzi. Dada yake mdogo, ambaye wameishi pamoja kwa miaka mingi, amepatikana na kansa ya titi la kushoto. Tangu habari hiyo ienee, jamaa na majirani hawajaishiwa na maneno. Mmoja anasema ni chipsi. Mwingine anasema ni kuku wa gredi. Shemeji yao anashikilia kwamba ni sukari, na ameshauri mgonjwa asitie chochote kinywani kwa siku 40 isipokuwa maji ya matunda na mboga.

"Mimi ndiye niliyekuwa nikipika katika nyumba hii," anaandika mama huyo. "Kama ni chakula, basi mkosaji ni mimi."

Pengine nawe umewahi kujiuliza swali kama hilo, hata kama kwenu hakuna mgonjwa. Si ajabu. Kansa ya matiti ndiyo inayowapata wanawake wengi zaidi ulimwenguni kuliko kansa nyingine yoyote. Katika mwaka wa 2022 pekee, wanawake wapatao milioni 2.3 walipatikana nayo na wengine wapatao 670,000 wakafariki. Hapa Kenya pia inaongoza. Ilikadiriwa kwamba mwaka wa 2020 kulikuwa na wagonjwa wapya zaidi ya 6,700, na wagonjwa zaidi ya 3,000 walipoteza maisha.

Ugonjwa ukiwa mkubwa namna hiyo, watu hutafuta wa kulaumiwa, na jikoni ndiko karibu.

Ukweli ni kwamba chakula kina sehemu yake katika jambo hili, lakini si sehemu ile ambayo majirani hudhani. Mambo yanayochangia zaidi ni yale ambayo mwanamke hawezi kuyabadilisha. La kwanza ni kuwa mwanamke, ingawa mgonjwa mmoja hivi kati ya kila 100 ni mwanamume. La pili ni umri kusonga. Kisha kuna kuanza hedhi mapema, kukoma hedhi kwa kuchelewa, kutozaa au kuzaa mtoto wa kwanza baada ya miaka 30, na kuwa na mama au dada aliyeugua. Wagonjwa kati ya 5 na 10 katika kila 100 huwa wamerithi kasoro katika chembechembe za uzazi zinazopitishwa na baba au mama. Hata ungepika nini, huwezi kumpikia mtu mbegu nyingine za wazazi wake.

Lakini wako wengi walio na mambo hayo yote na hawaugui, na wengi wasio na hata moja wakaugua. Ndipo wanasayansi walipoanza kuchungulia sahani.

Dokezo la mapema lilitokana na watu waliohama. Kwa miaka mingi wanawake wa Japani, Uchina na Ufilipino wamekuwa wakipatikana na kansa ya matiti kwa kiwango cha chini kuliko Wamarekani. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 1993 ulionyesha kwamba binti za jamii hizo waliozaliwa Marekani walikuwa katika hatari kubwa kwa asilimia 60 kuliko wenzao waliozaliwa Asia. Damu ni ile ile, nyuso ni zile zile, lakini maisha yamebadilika. Bila shaka si chakula tu kilichobadilika. Wanawake hao pia walichelewa kuzaa, wakazaa watoto wachache na kuketi zaidi. Hata hivyo, hakuna aliyeweza tena kusema kwamba ugonjwa huu ni wa kuzaliwa nao tu.

Nasi tunahama, hata kama ni kutoka Siaya au Kitui hadi Umoja na Kayole. Hebu jiulize: nyanya yako alikula nini asubuhi, na wewe umekula nini leo?

Mafuta mashakani

Mshukiwa wa kwanza alikuwa mafuta. Kati ya mwaka wa 1993 na 1998, watafiti wa Marekani waliwaandikisha wanawake 48,835 waliokuwa wamekoma hedhi, wenye umri kati ya miaka 50 na 79. Wapatao 19,500 walifundishwa kupunguza mafuta, kula mboga na matunda angalau mara tano kwa siku, na nafaka angalau mara sita. Waliosalia waliendelea kula walivyozoea.

Matokeo yalipotangazwa mwaka wa 2006, baada ya miaka minane hivi, wengi walivunjika moyo. Waliobadilisha chakula walikuwa wameugua kansa ya matiti kwa kiwango cha chini kwa asilimia 9 tu, tofauti ambayo wataalamu wa hesabu walisema huenda ilitokea kwa bahati. Magazeti mengi yaliandika kwamba mafuta yameondolewa lawama, na watu wakarudia mkaango wao.

Lakini watafiti hawakufunga daftari. Waliendelea kuwafuatilia wanawake wale hadi ikapita miaka 19 na zaidi, na ripoti yao ya baadaye, iliyotolewa mwaka wa 2019, ilikuwa na jambo jipya. Idadi ya waliokufa kutokana na kansa ya matiti katika kundi lililobadilisha chakula ilikuwa chini kwa asilimia 21. Yaani chakula hicho hakikuzuia sana ugonjwa kuingia, ila walioupata hawakufa kwa wingi kama wenzao. Ni mafuta yaliyopunguzwa, ni mboga zilizoongezwa, au ni kilo chache walizopoteza? Kwa kuwa yote yalifanywa pamoja, haiwezekani kuyatenganisha. Mimi naona hilo lenyewe ni funzo: hawa wanawake hawakula dawa ya kidonge kimoja, walibadilisha mlo mzima.

Huko Hispania nako, wanawake wapatao 4,280 wenye umri wa miaka 60 hadi 80 waligawanywa katika makundi matatu. Kundi moja lilipewa mafuta ya zeituni kwa wingi pamoja na ushauri wa kula mboga, matunda, samaki na jamii ya kunde. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2015, kundi hilo lilipata kansa ya matiti kwa kiwango cha chini sana, theluthi moja hivi ya kile cha kundi lililoshauriwa tu kupunguza mafuta. Kabla hujakimbilia dukani kununua chupa ya zeituni kwa bei ya kilo tatu za nyama, tambua kwamba wagonjwa wote katika utafiti huo walikuwa 35 tu, na kwamba kasoro zilipatikana baadaye katika namna baadhi ya washiriki walivyogawanywa. Ni dalili njema, lakini bado si ushahidi wa kuuzia mbuzi.

Daktari wa Mulago na kinyesi cha kijijini

Jambo moja lina historia hapa hapa Afrika Mashariki. Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi katika Hospitali ya Mulago, Kampala, anajulikana kwa kuuelezea mwaka wa 1958 uvimbe wa kansa unaowapata watoto, ambao hadi leo unaitwa kwa jina lake. Alichofanya baadaye kiliwachekesha wengi. Alianza kulinganisha kinyesi cha watu wa vijijini Afrika na kile cha Waingereza, kiasi chake na muda chakula kinaochukua kupita tumboni. Alidai kwamba maradhi mengi ya matumbo yanayowasumbua Wazungu yalikuwa adimu hapa kwa sababu watu wetu walikula nyuzinyuzi nyingi, yaani ile sehemu ya nafaka, maharagwe na mboga ambayo tumbo haliwezi kuisaga.

Burkitt alikuwa akifikiria zaidi matumbo, lakini wenzake wa baadaye walitazama matiti. Mwaka wa 2020 tafiti 20 zilipojumlishwa pamoja, wanawake waliokula nyuzinyuzi nyingi zaidi walikuwa na hatari ya chini kwa asilimia 8 kuliko waliokula kidogo zaidi. Utafiti mwingine wa Marekani uliohusu wanawake zaidi ya 90,000, uliotolewa mwaka wa 2016, ulionyesha kwamba faida ilikuwa kubwa zaidi kwa waliokula hivyo walipokuwa wasichana wa shule na katika ujana wao.

Inaaminika kwamba nyuzinyuzi hushika sehemu ya homoni ya estrojeni tumboni ikatolewa nje, badala ya kurudi katika damu. Estrojeni ndiyo inayoyakuza matiti ya msichana, na ndiyo hiyo inayochochea aina nyingi za kansa ya matiti. Hii ndiyo sababu ya hedhi ya mapema na uzazi wa kuchelewa kutajwa pale juu.

Sasa tazama tulivyofanya. Mahindi yetu tumeyakoboa hadi unga ukawa mweupe kama chokaa, pumba tukawapa ng'ombe na kuku. Asubuhi ni mkate mweupe na chai. Saa sita, kwa mfanyakazi wa mjini, ni chipsi na soseji, au mandazi mawili na soda. Usiku ni ugali mweupe tena. Ukihesabu, utaona kwamba nyuzinyuzi za siku nzima zimo katika kile kifungu cha sukuma wiki pembeni mwa sahani, na mara nyingi mtoto amekiacha.

Dawa yake si ghali. Unga wa kusagisha kwenye kinu cha mtaani bila kukoboa, uji wa wimbi na mtama, githeri, ndengu, kunde, njahi, nduma na viazi vitamu ni vyakula ambavyo mama mboga na muuza nafaka wa Gikomba wanavyo leo. Najua utasema maharagwe yanamaliza makaa na gesi. Yaloweke usiku kucha, uyamwage maji hayo, na utashangaa yatakavyoiva upesi.

Mboga zilizodharauliwa

Mwaka wa 2012 watafiti walijumlisha tafiti nane zilizopima damu ya wanawake kabla hawajaugua. Waliokuwa na karotenoidi nyingi katika damu, ile rangi inayopatikana katika karoti, maboga, maembe, mapapai, viazi vitamu vya rangi ya chungwa na majani ya kijani kibichi, hawakuugua kwa wingi kama waliokuwa nazo kidogo. Tofauti ilionekana hasa katika ile aina ya kansa isiyotegemea estrojeni. Jambo hilo latuhusu sisi moja kwa moja, kwa sababu aina hiyo huwapata wanawake wenye asili ya Afrika zaidi kuliko wa Ulaya, na tiba yake ni ngumu zaidi.

Miaka ya nyuma, mnavu, terere, saga, mrenda na mchunga zilionekana kuwa chakula cha maskini, kitu cha kula wakati wa njaa. Waliofanya kazi ya kuzirudishia heshima ni pamoja na Patrick Maundu na wenzake wa Makavazi ya Kitaifa, waliotoa kitabu kikubwa kuhusu mimea ya asili inayoliwa Kenya mwaka wa 1999, na Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta. Leo mboga hizo zinauzwa hata katika maduka makubwa, tena kwa bei inayoweza kumshangaza nyanya yako.

Tatizo ni kwamba hatuzili vya kutosha. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka wa 2015 ulionyesha kwamba watu wazima 94 kati ya kila 100 nchini hawakufikisha zile sehemu tano za mboga na matunda zinazopendekezwa kwa siku. Sehemu moja ni kiasi cha ganzi moja ya mkono: ndizi moja, chungwa moja, au mboga zilizopikwa zinazojaa nusu kikombe.

Na usizichemshe hadi zigeuke rangi ya udongo. Zioshe kabla ya kuzikata, zikaange kwa muda mfupi, na usiogope kutia mafuta kidogo. Mwili hauwezi kuifyonza ile rangi bila mafuta. Kijiko kimoja au viwili kwa sufuria ya familia kinatosha. Si lazima mboga ziogelee.

Kilo zinazohesabika

Ukiniuliza ni jambo gani la chakula ambalo ushahidi wake ni mzito kupita yote, sitakutajia mboga wala mafuta. Nitakutajia uzito wa mwili na pombe.

Mwanamke akishakoma hedhi, ovari zake huacha kutengeneza estrojeni. Lakini mafuta ya mwilini hayaachi. Yana kimeng'enya kinachogeuza homoni nyingine kuwa estrojeni, na kadiri mwili unavyonenepa ndivyo kiwanda hicho kinavyopanuka. Ndiyo sababu shirika la kimataifa la utafiti wa kansa, lenye makao yake Lyon, Ufaransa, lilithibitisha mwaka wa 2016 kwamba unene wa kupindukia huchangia kansa ya matiti kwa waliokoma hedhi. Kwa wanawake vijana mambo si hivyo, lakini kilo anazojazia mtu akiwa na miaka 30 ndizo atakazokuwa nazo akiwa na 55.

Kwetu unene bado ni sifa. Mke akipungua, mume huulizwa kama hamlishi. Hata hivyo, uchunguzi wa afya wa mwaka wa 2014 ulionyesha kwamba thuluthi moja ya wanawake wa Kenya wenye umri kati ya miaka 15 na 49 walikuwa na uzito uliozidi kiasi. Mijini hali huwa mbaya zaidi, kwani kutoka kitandani hadi matatu, na kutoka matatu hadi kiti cha ofisi, mtu hatembei hata hatua 500.

Kuhusu pombe, habari si nzuri kwa dada zetu wanaopenda moja mbili Ijumaa jioni. Gramu 10 za pombe kwa siku huongeza hatari ya kansa ya matiti kwa asilimia kati ya 7 na 10. Chupa ya nusu lita ya bia yenye nguvu ya asilimia 4.2 ina gramu 16 hivi. Divai haina msamaha, wala mvinyo mkali. Hakuna kiasi kinachoongeza faida kwa matiti.

Lakini tuelewane kuhusu hizi asilimia, maana ndizo zinazowatia watu hofu. Tuchukue mfano tu. Iwapo katika kundi la wanawake 1,000 wasiokunywa 40 wangeugua maishani mwao, basi ongezeko la asilimia 10 litawafanya wawe 44. Hao wanne ni watu, wana watoto na wazazi. Lakini pia ni kweli kwamba kati ya wale 44, huwezi kumnyooshea yeyote kidole na kumwambia kwamba ni chupa yake iliyomletea.

Wasio na hatia

Turudi kwenye barua. Kuku wa gredi hukua upesi kwa sababu ya mbegu iliyochaguliwa vizazi kwa vizazi na chakula anacholishwa. Tafiti hazionyeshi kwamba nyama ya kuku huongeza kansa ya matiti. Nyama nyekundu na soseji zina kesi ya kujibu, lakini kesi hiyo ni ya kansa ya utumbo mpana zaidi kuliko ya matiti.

Chipsi? Zinanenepesha, na vyakula vya viwandani vinavyokaa kwenye pakiti vimeanza kutiliwa shaka. Utafiti wa Ufaransa wa mwaka wa 2018 uliwahusisha walaji wake wakubwa na ongezeko la kansa, ya matiti ikiwemo. Lakini sahani ya chipsi za Jumamosi haijawahi kumuua mtu kwa kansa.

Na sukari: kila chembechembe ya mwili hutumia sukari, nzuri na mbaya. Ukiacha sukari ya chai, mwili utaitengeneza kutoka kwa ugali, na hata kutoka kwa misuli yako. Huwezi kuifunga kansa njaa bila kujifunga njaa mwenyewe.

Sasa, mama uliyetuandikia, jibu lako ni hili. Hapana, si wewe. Wewe na watoto wako mmekula kutoka sufuria hiyo hiyo kwa miaka yote, na aliyeugua ni mmoja. Ila kwa kuwa dada wa tumbo moja ameugua, wewe na binti zako mna sababu ya kuwa macho kuliko wengine. Mweleze daktari habari hiyo. Yajue matiti yako. Ukiona uvimbe, hasa ule usiouma, ngozi iliyobonyea kama ganda la chungwa, chuchu iliyoingia ndani au inayotoa damu, au uvimbe kwapani, usingoje mwezi wa pili. Wagonjwa wetu wengi hufika hospitalini ugonjwa ukiwa umeenea, na hilo huwaua kuliko chakula chochote.

Binti yako mwenye mtoto mchanga mwambie anyonyeshe kwa muda mrefu awezavyo. Mwaka wa 2002, tafiti 47 kutoka nchi 30 zilipojumlishwa, ilionekana kwamba kila miezi 12 ya kunyonyesha hupunguza hatari kwa zaidi ya asilimia 4.

Kuhusu shemeji yako na siku zake 40, mwambie kwa heshima kwamba hapana. Mtu anayetibiwa kwa kemotherapi anahitaji nguvu na protini ili mwili ujirekebishe kati ya sindano moja na nyingine. Akikonda sana, huenda daktari akalazimika kupunguza dawa au kuahirisha matibabu. Mpe uji mzito uliotiwa maziwa, maharagwe, omena, samaki, ndizi, kidogo kidogo na mara nyingi, maana kichefuchefu hakitamruhusu kumaliza sahani. Maji ya matunda si mabaya, lakini yawe juu ya chakula na si badala yake. Dawa yoyote ya miti shamba anayoletewa, mwoneshe daktari kwanza, kwani baadhi huingiliana na dawa za hospitali.

Na mayai uliyouliza mwishoni mwa barua yako, mpe. Yachemshe tu mpaka kiini kiwe kigumu kabisa, kwa sababu dawa za kansa hushusha kinga ya mwili, na yai lisiloiva huweza kuwa na viini vya maradhi ambavyo wewe hungevihisi lakini yeye vitamlaza.